Uwanja wa Wasio na Soko

Jioni ya leo tuzungumze riadha, na hasa riadha ya Michezo ya Afrika, yale mashindano makubwa ya bara zima yanayokutanisha michezo mingi mahali pamoja. Kila yanapokaribia, husikika kauli ileile kwenye vijiwe vya kahawa: "Mabingwa wenyewe hawaendi, sasa medali hiyo ya nini?" Siipuuzi kauli hiyo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini nusu iliyobaki, ile isiyosemwa, ndiyo yenye faida kwetu. Hoja yangu naitaja mapema ili tusipotezane njiani: Michezo ya Afrika ina thamani kubwa kwa mwanariadha asiye na soko pengine, na sisi wa Afrika Mashariki tunaikosa thamani hiyo kwa sababu tunaipima kwa mbio ndefu peke yake.

Tuanze na nusu iliyo kweli. Zamani mabingwa walikwenda. Michezo ya kwanza ilifanyika Brazzaville mwezi Julai 1965, na Kipchoge Keino wa Kenya akashinda mita 1,500 na mita 5,000. Mwezi uliofuata alivunja rekodi ya dunia ya mita 3,000 kule Helsingborg, Sweden, na kabla mwaka haujaisha akaivunja na ya mita 5,000 huko New Zealand. Kwa hiyo watu wa Brazzaville walimwona akiwa kwenye kilele chake, hawakuletewa mtu aliyechoka. Michezo ya pili ilikuwa ifanyike Bamako mwaka 1969, mapinduzi ya Mali ya 1968 yakavuruga mpango huo, ikabidi kungoja hadi Januari 1973 mjini Lagos. Na tazameni waliofika Lagos. Alikuwepo Keino, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka 1968 na wa kuruka viunzi na maji mwaka 1972. Alikuwepo Mkenya mwenzake, Ben Jipcho. Alikuwepo John Akii-Bua wa Uganda, ambaye miezi michache tu kabla ya hapo alitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Munich katika mita 400 kuruka viunzi, kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Na alikuwepo kijana wa Kitanzania wa miaka 19, Filbert Bayi, ambaye nje ya ukanda wetu wachache walikuwa wakilijua jina lake. Bayi alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 37.2, Keino akawa wa pili. Mwaka mmoja baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, kijana huyo aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, akamwacha John Walker wa New Zealand nyuma yake, na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Dunia ilishangaa Christchurch. Waliokuwa Lagos hawakuwa na sababu ya kushangaa.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, kisha mwezi Julai akaenda Algiers na kuchukua dhahabu za mita 10,000 na za kuruka viunzi na maji. Jiulize, msikilizaji: mkimbiaji aliyevunja rekodi nne za dunia kwa msimu mmoja siku hizi, wakala wake angemwachia akimbie mara mbili katika michezo ya bara, tena katikati ya msimu wa Ulaya? Nadhani jibu unalo.

Kwa nini basi wale walikwenda, na hawa wa leo wanasita? Wapo wanaosema uzalendo umekufa. Mimi sikubaliani nao, na naomba tulitazame jambo hili bila hasira. Enzi za Keino na Bayi riadha ilikuwa mchezo wa ridhaa. Kanuni zilimkataza mwanariadha kulipwa, na aliyegundulika amepokea fedha alihatarisha ruhusa ya kushindana. Mtu hakuwa na cha kupoteza kwa kwenda Lagos, na alikuwa na heshima ya kupata. Kuanzia miaka ya 1980 kanuni zikalegezwa. Mwaka 1997 Mashindano ya Dunia yakaanza kuwalipa washindi. Mwaka 2010 ikaja Diamond League, mfululizo wa mashindano ya riadha yenye zawadi za fedha. Pembeni mwa hayo zikakua marathon za miji mikubwa, Berlin, London, Chicago, Boston, kila moja na zawadi zake na mikataba yake. Mkimbiaji wa marathon hukimbia mbili kwa mwaka, pengine tatu, na miaka yake mizuri inahesabika. Tena kalenda yenyewe imebana. Michezo ya mwisho, ile ya Accra, ilifanyika kuanzia tarehe 8 hadi 23 Machi 2024, na tarehe 30 ya mwezi uleule kulikuwa na Mashindano ya Dunia ya mbio za nyika mjini Belgrade. Kumlaumu mtu wa mbio ndefu kwa kuchagua Belgrade ni kumlaumu fundi kwa kwenda kule kazi iliko.

Kwa hiyo nakubali: katika mbio ndefu, Michezo ya Afrika imepoteza nguvu ya kuwaita mabingwa wote. Nakubali bila kinyongo. Ila naomba tuhesabu pamoja, maana kosa letu limejificha kwenye hesabu ndogo sana. Chukueni ratiba ya riadha ya wanaume. Mbio za kuanzia mita 800 kwenda juu, ukiweka kuruka viunzi na maji na nusu marathon, ni sita. Mbio fupi, za viunzi na za kupokezana vijiti ni saba. Kuna miruko minne: kuruka juu, kuruka chini, miruko mitatu, na upondo. Kuna kurusha kwa aina nne: tufe, kisahani, nyundo na mkuki. Ongezeni kutembea kwa kasi na yale mashindano ya michezo kumi. Jumla ni 23, na kwa wanawake orodha inakwenda vivyo hivyo, ila wao hufanya michezo saba badala ya kumi. Sita kati ya 23, wasikilizaji. Tukisema "riadha" hapa kwetu, kwa kweli tunazungumzia takriban robo ya riadha. Kisha kwa sababu ile robo imepata wateja Ulaya na Marekani, tunatangaza kwamba michezo yote ya bara haina maana.

Sasa fikirieni zile 17 zilizobaki. Mkimbiaji wa kumi kwa ubora nchini Kenya katika mbio ndefu anaweza kupata mbio ya barabarani huko duniani na kurudi na chochote mkononi. Mrusha nyundo aliye wa kwanza kwa ubora Tanzania, Burundi au Uganda aende wapi? Hakuna mji unaoandaa mashindano ya mtaani ya kurusha nyundo. Diamond League nayo haina nyundo miongoni mwa michezo yake rasmi. Kwa mtu huyo, wiki moja ya Michezo ya Afrika huenda ndiyo nafasi pekee katika miaka minne ya kushindana mbele ya macho ya dunia, mbele ya waamuzi na vipimo vinavyotambulika, akapata pointi zinazoingia katika orodha ya ubora wa dunia, hiyo ambayo siku hizi husaidia kuamua nani aende Olimpiki. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: huu ni uwanja wa wasio na soko.

Mtaniambia nilete ushahidi. Ushahidi wangu wa kwanza ni Julius Yego, mrusha mkuki kutoka Nandi. Habari ya kwamba alijifunza mbinu kwa kutazama video za YouTube imesimuliwa mno, hata imekuwa kama kichekesho, na katika kuisimulia tumesahau sehemu muhimu zaidi. Video hazikumpeleka Ulaya. Kilichompeleka ni Maputo. Mwaka 2011, katika Michezo ya Afrika mjini humo, Yego alirusha mita 78.34 akachukua dhahabu. Kwa warushaji wa dunia umbali huo haukuwa wa kutisha. Lakini ulikuwa dhahabu ya bara, na baada yake alipata ufadhili wa shirikisho la kimataifa la riadha wa kwenda kufanya mazoezi Kuortane, Finland, nchi ambayo mkuki ni mchezo wa jadi. Mwaka uliofuata alifika fainali ya Olimpiki mjini London. Mwaka 2014 alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2015 alirusha mita 92.72 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia, na mwaka 2016 akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Liondoe lile dirisha la Maputo katika mfululizo huo, uone nini kinabaki: kijana mwenye kipaji, video za YouTube, na kiwanja chenye nyasi.

Na kuna jambo lingine kuhusu Yego ambalo linawajibu wale wanaosema kiwango cha michezo hii ni cha chini. Mwezi Agosti 2019, mjini Rabat, alishinda dhahabu ya Afrika kwa mita 87.73. Wiki chache baadaye, mjini Doha, Anderson Peters wa Grenada akawa bingwa wa dunia kwa mita 86.89. Mmesikia vizuri. Mkuki uliotwaa dhahabu ya Afrika ulitua mbali kuliko ule uliotwaa dhahabu ya dunia mwaka uleule. Sisemi kwamba kila fainali ya Rabat ilikuwa hivyo, na sisemi kwamba Yego alikuwa bora kuliko Peters siku ya Doha, maana shindano hushindwa siku yake. Nasema tu kwamba anayeihukumu michezo hii kwa kutazama orodha ya wakimbiaji wa mita 10,000 anatazama upande mmoja wa uwanja.

Ushahidi wa pili unatoka Nigeria. Tobi Amusan alikuwa na miaka 18 aliposhinda mita 100 kuruka viunzi kwenye Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 2015. Akashinda tena Rabat mwaka 2019. Mwezi Julai 2022, mjini Eugene, Marekani, akakimbia kwa sekunde 12.12, rekodi ya dunia, na siku hiyohiyo akawa bingwa wa dunia. Hapo, kwa mujibu wa kauli ya vijiweni, alitakiwa aiage michezo ya bara. Lakini Machi 2024, katika mwaka wa Olimpiki, alikwenda Accra akashinda dhahabu ya tatu. Kwa hiyo mabingwa wengine huenda. Wanaokwenda ni wale ambao nchi zao na mchezo wao vimewazoesha kwamba Afrika ni mahali pa kukulia. Wa zamani kidogo wataikumbuka hadithi ya Maria Mutola wa Msumbiji, aliyeshinda mita 800 mjini Cairo mwaka 1991, Harare mwaka 1995 na Johannesburg mwaka 1999, kisha akawa bingwa wa Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Nchi yake haikuwa na kundi la wakimbiaji wa kumsukuma mazoezini. Bara ndilo lililompa washindani.

Hapo kuna pingamizi naliona linakuja, na ni zito kwa sababu limevaa joho la sayansi. Wapo watakaosema: "Sisi maumbile yetu ni ya mbio ndefu. Miinuko, hewa nyepesi, miguu myembamba. Kurusha na kukimbia mbio fupi tuwaachie Wanigeria na Waafrika Kusini." Sikatai kwamba miinuko husaidia mapafu ya mtu wa mbio ndefu. Lakini miinuko si asili yetu sote. Seraphino Antao alikuwa mtoto wa Mombasa, usawa wa bahari kabisa, na mwaka 1962 alishinda yadi 100 na yadi 220 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Perth. Akii-Bua wa viunzi alikuwa wetu. Nicholas Bett, bingwa wa dunia wa viunzi vya mita 400 mwaka 2015, alikuwa wetu. Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 mjini Nairobi mwezi Septemba 2021, rekodi ya Afrika nzima, ikiwemo hiyo Nigeria tunayoambiwa tuiachie. Samuel Gathimba alipata shaba ya kutembea kwa kasi kilomita 20 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018. Watu hawa wakihesabiwa mmoja mmoja huonekana kama ajali. Ajali zikizidi idadi fulani, mwenye akili huanza kutafuta barabara. Na hebu tuwe wakweli: eneo lenye watu wengi kama hili letu, kutoka Lamu hadi Kigoma, kutoka Zanzibar hadi Gulu na Bujumbura, litakosaje watu warefu, wazito na wenye mabega?

Sababu halisi, kwa maoni yangu, iko kwenye viwanja. Viwanja vyetu vikubwa kwanza ni vya mpira wa miguu, na nyundo au kisahani kikianguka huchimba nyasi. Meneja wa uwanja aliye na mechi ya ligi Jumapili hataki kumwona mrusha nyundo Ijumaa. Mkimbiaji wa mbio ndefu ana barabara ya vumbi na mlima, havimgharimu kitu. Mrusha kisahani anahitaji duara la saruji na wavu wa kuzuia hatari. Mruka kwa upondo anahitaji godoro kubwa na fimbo ambazo ni ghali, tena fimbo yenyewe hulingana na uzito wake na hubadilika anavyokua. Kwa hiyo mtoto anayeonekana ana mkono mzuri kwenye UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari za Tanzania, akimaliza shule, hana pa kwenda, kisha sisi tunakuja baadaye na kusema maumbile.

Pingamizi la mwisho ni la fedha, nalo lina jina zuri: Alphonce Simbu. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Mtanzania huyo alikuwa bingwa wa dunia wa marathon, akimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42. Mtu atauliza: kama barabara inatupa mabingwa wa dunia, kwa nini tusiweke kila shilingi barabarani? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba barabara haihitaji msaada huo, kwa sababu ina wenyewe wanaoilipia: waandaaji, wadhamini, mawakala, kampuni za viatu. Shilingi ya serikali au ya chama ikiwekwa kwenye marathon inaongeza tone katika mtungi ambao tayari una maji. Ikiwekwa kwa kocha mmoja wa mkuki na duara moja la saruji, inaanzisha jambo ambalo vinginevyo halitakuwepo kabisa. Simbu anastahili heshima yote tunayoweza kumpa. Lakini ushindi wake hautufundishi nini cha kufanya na msichana wa Mtwara anayeweza kurusha tufe.

Sitaficha kasoro za michezo yenyewe. Mwaka 2011 Maputo iliipokea kazi baada ya Zambia kujiondoa. Michezo ya 2023 ilifanyika 2024. Ratiba inayohamahama humwumiza kila mwanariadha, na humwumiza zaidi yule ninayemtetea hapa, kwa sababu yeye hana shindano jingine la kuangukia. Ila uwenyeji pia huacha vitu. Uwanja wa Kasarani ulijengwa kwa ajili ya michezo ya Nairobi ya 1987, na ni humohumo ambamo Omanyala alikimbia ile 9.77 miaka 34 baadaye.

Michezo ijayo imepangwa kufanyika Misri mwaka 2027. Mrushaji hatengenezwi kwa kambi ya wiki sita, kwa hiyo atakayekwenda Misri kushindana, siyo kutalii, anapaswa sasa hivi kuwa ana kocha, na kocha awe na ufunguo wa uwanja. Ninachowaombeni, wasikilizaji, ni kitu kidogo. Timu ya nchi yenu itakapotangazwa, msiishie kuuliza kama fulani wa marathon yumo. Ulizeni mna warushaji wangapi, warukaji wangapi, nani anawafundisha, na mara ya mwisho walishindana wapi. Waandishi wa michezo, ninyi mnaokaa kwenye mikutano ya vyama vya riadha, maswali hayo nawaachia kwanza ninyi. Wiki ijayo, saa kama hii, tutageukia riadha ya shule za msingi.